Muuguzi akiumwa, nani atafute wa kushika zamu yake?

SWALI: "Shikamoo. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali binafsi hapa Mwanza, naingia mwaka wa tatu, nina mkataba wa kudumu. Mwezi uliopita, usiku wa kuamkia Jumamosi, nilishikwa na homa na kuhara, sikulala kabisa. Saa kumi na moja alfajiri nikampigia inchaji (muuguzi anayesimamia wodi) kumwambia sitaweza kuingia asubuhi. Akajibu, 'Tafuta wa kukushikia, ukikosa njoo.' Nikawapigia wenzangu wanne, hakuna aliyeweza. Nikaenda. Saa nne hivi nikazidiwa, wenzangu wakanitundikia dripu kwenye chumba cha wauguzi, ilipoisha nikarudi wodini. Jumapili ndiyo nikapimwa rasmi, nikakutwa na malaria, nikapewa ED (karatasi ya daktari ya kupumzika bila kwenda kazini) ya siku tatu. Niliporudi nikakuta siku hizo zimekatwa kwenye likizo yangu ya mwaka, na inchaji ameandika kwenye kundi la WhatsApp la wodi kwamba kuna watu malaria zao zinaijua wikendi. Sasa mgongo unaniuma wiki ya tatu, tangu siku niliyombeba mtoto mkubwa kumhamishia kitanda kingine, na sithubutu kuomba ruhusa. Ni kweli ni jukumu langu kutafuta mtu? Wanaweza kunifukuza? Au niache kazi tu?"

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa mgongo.

Nitaanza na majibu mafupi, maana najua ulivyo sasa hivi. Si jukumu lako kutafuta wa kushika zamu ukiwa mgonjwa. Siku za ED hazikatwi kwenye likizo ya mwaka. Kuumwa na kuleta karatasi ya daktari si sababu halali ya kumfukuza mtu kazi. Na kuacha kazi usikuamue leo. Sasa tuzungumze kwa urefu, kwa sababu majibu hayo peke yake hayatakufaa kitu ukishasimama mbele ya meza ya metroni, mkuu wa wauguzi.

Hili la "tafuta wa kukushikia" lina asili yake. Wodini tumezoea kubadilishana zamu. Una harusi ya binamu Jumamosi, unamwomba mwenzako akushikie, wewe utamrudishia Jumanne usiku, mnamwambia inchaji, anarekebisha rosta, yameisha. Hapo mzigo ni wako kwa haki kabisa, kwa kuwa wewe ndiye uliyetaka kitu tofauti na ulichopangiwa. Viongozi wengi wa wodi wamechukua desturi hiyo ya harusi na misiba ya mbali wakaihamishia kwenye ugonjwa bila kufikiri. Lakini mwenye rosta ni mwajiri. Yeye ndiye mwenye namba za simu za wote, ndiye anayejua nani ametoka usiku na hatakiwi kurudi, ndiye mwenye uwezo wa kuidhinisha malipo ya saa za ziada, na ndiye anayeweza kumtoa muuguzi wodi ya wazazi akamleta kwa watoto. Wewe uliye kitandani na ndoo pembeni huna hata kimoja katika hivyo. Hao wenzako wanne walikuwa na haki ya kukukatalia, na usiwawekee kinyongo. Swali lile hawakupaswa kuulizwa na wewe.

Kuna hofu nyingine imejificha nyuma ya hiyo, na wauguzi wengi huwa nayo: kwamba usipofika utahesabiwa umetelekeza wagonjwa. Tofautisha. Kutelekeza ni kupokea zamu, ukashika wagonjwa, kisha ukaondoka bila kumkabidhi mtu. Hilo ni kosa zito la maadili na linaweza kukufikisha mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kutoa taarifa ya ugonjwa kabla zamu haijaanza si kutelekeza, kwa kuwa wagonjwa bado wako mikononi mwa zamu ya usiku. Kwa maana hiyo Jumamosi ile ungebaki nyumbani ungekuwa salama zaidi kuliko ulivyokuwa saa nne asubuhi, ulipoanza kuzidiwa ukiwa tayari umeshapokea watoto. Ikikutokea tena ukiwa zamuni, usijikongoje kimyakimya. Mwite mwenzako, mpitie kitanda kwa kitanda, andika kwenye kitabu cha ripoti muda na jina la uliyemkabidhi, ndipo uondoke kwenda kutibiwa.

Nataka nikae kidogo hapa, kwa sababu nadhani hili ndilo hujaambiwa na mtu yeyote. Umeandika kama mtu anayeomba msamaha kwa kuumwa. Tazama kazi uliyokuwa unaifanya asubuhi ile. Wodi ya watoto Mwanza ina malaria kali kila wiki. Mtoto wa kilo 10 anahitaji artesunate, sindano ya malaria kali, miligramu 30, yaani miligramu 3 kwa kila kilo kwa wote walio chini ya kilo 20. Kichupa kina unga wa miligramu 60. Ukiuyeyusha kwa bikaboneti mililita 1 kisha ukaongeza maji ya dripu mililita 5, unapata miligramu 10 kwa kila mililita, na mtoto yule anachomwa mililita 3 kwenye mshipa. Ukitaka kuchoma kwenye msuli unaongeza mililita 2 tu, dawa inakuwa nzito maradufu, na kipimo chake kinakuwa mililita 1.5. Haya unayajua hata ukiamshwa usingizini. Lakini muuguzi mwenye homa, ambaye hajalala, akichanganya kwa kanuni ya msuli halafu akavuta mililita 3 za mshipa, amempa mtoto dozi mara mbili, na kwa macho sindano ile inaonekana sawa kabisa na iliyo sahihi. Hakuna atakayeigundua.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha katika jarida la Nature matokeo yanayopaswa kubandikwa katika kila chumba cha wauguzi: mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kwa kiwango cha mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Wewe uliamka Ijumaa asubuhi. Ulipopokea zamu Jumamosi ulikuwa umekaa macho siku nzima na usiku mzima, na bado hatujahesabu homa. Inchaji yeyote angemrudisha nyumbani muuguzi aliyekuja ananuka pombe. Mwenye homa na usingizi tunamwambia ajikaze.

Kisha kuna kuhara. Malaria haiambukizwi kwa kugusana, na huenda ndiyo maana karatasi yako ilipoandikwa malaria suala la tumbo likasahaulika. Ila mtu anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na wakati huohuo akawa na virusi vya tumbo. Kanuni inayofuatwa kwa wahudumu wa afya ni kwamba mwenye kuhara au kutapika kunakodhaniwa ni kwa maambukizi akae nje ya wodi hadi zitimie saa 48 tangu dalili ziishe. Virusi kama norovirus havifi vizuri kwa kitakasa mikono cha spiriti, vinataka maji na sabuni, na mnajua wenyewe siku ambazo maji wodini yanatoka kwenye ndoo yenye koki. Ukimkorogea ORS mtoto mwenye utapiamlo huku mikono yako ina virusi hivyo, umemuongezea siku za kulazwa, au zaidi ya hapo. Kwa hiyo kukaa nyumbani asubuhi ile kulikuwa sehemu ya kazi yako kwa wale watoto.

Sasa sheria. Kwa kuwa uko hospitali binafsi Tanzania Bara, unaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 32 kinampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza analipwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata analipwa nusu. Watu wengi hudhani siku hizo 126 ni za kila mwaka. Si hivyo, ni za miaka mitatu, kwa hiyo zitunze. Masharti ni mawili ya kuzingatia: uwe umeshafanya kazi zaidi ya miezi sita, na wewe umepita huko zamani, na ulete cheti cha daktari aliyesajiliwa au mtaalamu mwingine wa tiba ambaye mwajiri anamkubali. Sheria inaongeza kwamba mwajiri hawezi kumkataa huyo mtaalamu bila sababu ya msingi. Usipoleta cheti, mwajiri halazimiki kukulipa siku hizo. Yote yanaegemea kwenye ile karatasi.

Likizo ya mwaka, ile ya siku 28, ni kitu kingine kabisa. Sheria hiyohiyo inamkataza mwajiri kukulazimisha kuitumia mahali pa likizo ya ugonjwa. Waliokata siku zako tatu wamekosea, na wanatakiwa kuzirudisha. Na ikiwa siku moja watakukata fedha kwenye mshahara badala ya siku, jua kwamba kifungu cha 28 hakiruhusu makato yasiyotokana na sheria, amri ya mahakama, mkataba wa pamoja au makubaliano yako mwenyewe ya maandishi kuhusu deni.

(Msomaji uliye mtumishi wa umma, au uliye Zanzibar, hesabu hizi si zako. Watumishi wa umma wana Kanuni za Kudumu na Tume yao, na Zanzibar wana sheria yao ya ajira ya mwaka 2005. Kenya nako mambo ni tofauti sana: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa kima cha chini cha siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu katika kila miezi 12.)

Kufukuzwa je? Sheria inasema wazi kwamba mfanyakazi kutumia haki aliyopewa na sheria si sababu halali ya kumwachisha kazi. Ila nisikupe matumaini yasiyo na mwisho. Mwajiri ana haki ya kudai cheti. Ana haki ya kukuita na kukuuliza kwa heshima kama ED zako zote zinaangukia wikendi, na kama kuna tatizo linalohitaji msaada. Ugonjwa ukiwa wa muda mrefu hadi huwezi tena kazi uliyoajiriwa, ana utaratibu halali wa kufuata: kuangalia chanzo, ukubwa wa tatizo, kama litapona, na kama kuna kazi nyingine anayoweza kukupa kabla ya kufikia kuachana. Na kutofika kazini bila ruhusa wala sababu inayokubalika kwa zaidi ya siku tano za kazi kumetajwa kwenye kanuni za mwaka 2007 kuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu, unatakiwa kupewa taarifa si chini ya saa 48 kabla, ukiwa umeelezwa tuhuma, na una haki ya kwenda na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako. Usikubali kuitwa saa nne ukahukumiwa saa tano.

Na hapa nifike kwenye jambo linalonisumbua zaidi katika barua yako, ile dripu ya kwenye chumba cha wauguzi. Najua kwa nini mliifanya, na najua walioifanya walikupenda. Lakini angalia ilivyokuacha. Jumamosi ulikuwa mgonjwa kiasi cha kuwekewa dripu, na hakuna faili, hakuna kipimo, hakuna jina la daktari. Mbele ya mtu yeyote atakayesoma kumbukumbu, Jumamosi ulikuwa mzima. Sisi wauguzi tuna ugonjwa wa kujitibu wenyewe: mseto wa malaria kutoka kwa rafiki wa famasi, sindano ya maumivu ya diklofenaki ya haraka kwenye korido, daktari wa zamu anakuandikia dawa juu ya boksi la glavu. Tunadhani tunaokoa muda wa hospitali. Tunafuta ushahidi wa magonjwa yetu wenyewe. Kuanzia leo, ukiumwa wewe ni mgonjwa kama wengine. Fungua faili, lipa au tumia bima, pimwa, acha jina lako liandikwe kwenye rejista.

Na usiishie kwenye simu. Simu haiachi alama. Piga, kisha dakika hiyohiyo tuma ujumbe kwa inchaji mwenyewe, si kwenye kundi. Andika hivi:

"Shikamoo. Mimi ni fulani, nimepangwa zamu ya asubuhi leo wodi ya watoto. Nina homa na nimeharisha tangu usiku, sitaweza kuingia. Nakwenda kupimwa saa mbili, karatasi nitaituma nikishaonana na daktari. Mtoto wa kitanda namba 6 anamaliza artesunate leo asubuhi, aanzishiwe mseto akiweza kumeza. Naomba unijulishe ukishaipata taarifa hii."

Ona kilichomo na kisichomo. Hakuna kuomba ruhusa ya kuumwa, kuna taarifa. Hakuna maelezo marefu ya tumbo, wala kuapa kwa jina la Mungu kwamba ni kweli. Kuna saa, kuna mahali unapokwenda, na kuna mtoto wa kitanda namba 6, kwa sababu huyo ndiye atakayemfanya inchaji akuamini kuliko kiapo chochote. Akikupigia na kurudia kwamba utafute mtu, jibu kwa utulivu: "Nimeelewa zamu itakuwa na pengo. Kwa hali niliyonayo siwezi kutafuta mtu wala kuhudumia watoto salama. Nakwenda hospitali." Kisha nyamaza. Huna haja ya kubishana naye saa kumi na moja alfajiri.

Kuhusu ujumbe wa WhatsApp. Umekuumiza, na una haki ya kuumia. Afya yako si habari ya kundi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti. Inchaji hakukutaja jina, kwa hiyo sitakwambia ukimbilie kushtaki, lakini piga picha ya skrini uihifadhi ikionyesha tarehe. Usijibu ndani ya kundi. Kila neno utakaloandika mle ukiwa na hasira litachapishwa siku moja na kuwekwa mezani upande wa pili.

Nimewahi kukaa kiti hicho cha muuguzi mfawidhi, na ninakuomba uelewe kinachomsukuma huyo mtu, hata kama humsamehei. Rosta ya wodi nyingi imepangwa bila mtu wa akiba hata mmoja. Akikosekana muuguzi mmoja asubuhi, anayebaki anahudumia watoto mara mbili ya wale aliopaswa kuwa nao, na simu za lawama zinamjia inchaji: daktari anauliza dawa ya saa mbili iko wapi, mama anauliza mwanawe atabadilishiwa nguo lini, uongozi unauliza kwa nini saa za ziada zimezidi. Hakupewa bajeti ya kumwita mtu, kapewa simu tu, na kapewa wewe. Anachofanya ni kuusukuma mzigo chini kwa yule asiyeweza kuusukuma zaidi. Hiyo ni dhuluma, lakini imeanzia juu yake. Hospitali zinazoliendesha hili vizuri huwa na orodha ya wauguzi wa kuitwa, wanaolipwa kwa kukaa tayari, na msimamizi wa zamu mwenye mamlaka ya kuhamisha watu kati ya wodi. Mkikutana kwenye kikao cha wodi, hilo ndilo la kudai kwa pamoja.

Nakueleza haya pia kwa ajili ya ile hatia unayoibeba. Unawaza wenzako walioachwa wachache. Unawajali, na ni vizuri. Ila pengo lile liliachwa na aliyepanga wodi isiyoweza kuvumilia malaria ya mtu mmoja, katika mkoa wa ziwani.

Njia zilizo mbele yako nitakueleza bila kuzipamba. Ya kwanza ni kumwona inchaji ana kwa ana, mlango umefungwa, siku ambayo wodi imetulia. Mwambie: "Nilipokea ED ya siku tatu, nimeona zimeandikwa likizo ya mwaka, naomba zirekebishwe ziwe za ugonjwa. Na ujumbe wa kwenye kundi uliniumiza." Usilete orodha ya makosa yake ya miaka mitatu. Mara nyingi, kuliko unavyodhani, mambo huishia hapo, hasa yule mtu akijua kwamba unaijua sheria lakini hukuja nayo kama fimbo.

Isipoishia hapo, andika barua fupi kwa metroni na nakala kwa ofisi ya rasilimali watu, ambatisha nakala ya ED, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mhusishe mwakilishi wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, au chama chochote chenye tawi hospitalini kwenu. Kama hamna tawi, ulizeni ofisi ya mkoa. Chama cha Wauguzi kitakupa ushauri na mtu wa kuzungumza naye. Baraza la Uuguzi lenyewe linashughulika na usajili na maadili, kesi ya likizo si yake.

Njia ya mwisho ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hiyo tunayoiita CMA. Hapa ziangalie tarehe, kwa kuwa watu wengi hupoteza haki yao kwa kuchelewa tu. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya siku 60. Siku zako zilikatwa mwezi uliopita, kwa hiyo saa inatembea tayari. Hutakiwi kuwa umefukuzwa ndipo uende. Lakini nikuambie ukweli wa upande wa pili: ukimpeleka mwajiri CMA huku bado unamfanyia kazi, uhusiano utabadilika, na hospitali binafsi za mji mmoja zinafahamiana. Kwa siku tatu za likizo peke yake, mimi ningemaliza kwanza njia zote za ndani, huku barua zangu zikiwa na tarehe. Kwa kufukuzwa au mshahara kukatwa, nisingesita.

Na kuacha kazi? Hilo lipo, wala si aibu. Ila ukiondoka kwa hasira leo, ukadai baadaye kwamba ulilazimishwa kujiuzulu, itakuwa kazi ngumu kuthibitisha kama hukuwahi kuandika malalamiko hata mara moja. Pata kwanza kazi nyingine, toa notisi ya siku 28 kama unalipwa kwa mwezi au kama mkataba wako unavyosema, dai malipo ya likizo uliyoilimbikiza na hati yako ya utumishi. Kipimo changu ni hiki: kama umeongea, umeandika, na miezi miwili baadaye bado unatetemeka ukiona simu ya inchaji, ondoka.

Sasa mgongo, ambao kwangu una haraka kuliko vyote. Wiki tatu ni nyingi, na ulianza kwa kumbeba mgonjwa, kwa hiyo huu si ugonjwa wa kawaida, huenda ni jeraha la kazini. Wiki hii fungua faili, mwambie daktari siku, wodi, na ulivyombeba yule mtoto, na uhakikishe ameyaandika hayo. Toa taarifa ya maandishi kwa mwajiri iingizwe kwenye kumbukumbu za ajali, na utaje kwamba unaomba ipelekwe Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mfuko huo upo kwa ajili ya majeraha kama haya, na gharama yake inabebwa na mwajiri. Kadiri unavyochelewa ndivyo itakavyokuwa rahisi mtu kusema uliumia ukifua nyumbani. Omba pia kazi nyepesi kwa muda, daktari anaweza kuiandika: dawa, dripu, kumbukumbu, bila kubeba. Inchaji mwenye upungufu wa watu mara nyingi hupokea hilo kwa furaha kuliko ED.

Usisubiri hata siku ya pili, nenda hospitali sasa hivi, ukiona miguu inaishiwa nguvu, ganzi imeingia katikati ya mapaja au sehemu za siri, au mkojo na choo haviko chini ya uwezo wako. Hizo ni dalili za mishipa ya fahamu kubanwa, na zinahesabiwa kwa saa. Na homa ikirudi baada ya kumaliza mseto, pimwa upya, usirudie dozi kwa kukisia. Ukijichoma sindano, hata kama ni wikendi na hata kama unajua inchaji atasema nini, ripoti palepale: dawa za kinga ya VVU zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, na kutumiwa siku 28. Nimeona woga wa kusemwa ukiwafanya wauguzi waifiche sindano, na hakuna rosta inayostahili hilo.

Mwisho, umesema huthubutu kuomba ruhusa. Kama woga huo umeanza kukukosesha usingizi, unalia kabla ya zamu, au umeanza kuwaza kwamba afadhali usiwepo, hilo nalo ni la kumwona mtu uso kwa uso: daktari wa afya ya akili au mshauri, Bugando au hospitali yoyote ya rufaa iliyo karibu nawe, au piga simu usiku huohuo kwa ndugu unayemwamini aje akae nawe. ED ya daktari wa afya ya akili ina uzito uleule wa ED ya malaria.